Maneno Yaliyo Chini ya Picha

Kwenye chumba cha habari hakuna kazi inayodharauliwa kama kuandika maelezo ya picha. Habari imeshakamilika, mhariri anakwambia, "Hebu weka mstari mmoja pale chini," basi. Aliyenifundisha kuiogopa kazi hiyo ni Mfaransa aliyefariki mwaka 1755: Bernard Lépicié, mchongaji wa picha.

Mchoro wenyewe si wake. Ni wa Jean Siméon Chardin, unaitwa Le Bénédicité, yaani sala kabla ya chakula. Ulionyeshwa Paris mwaka 1740, na mwaka huohuo Chardin akamzawadia Mfalme Louis wa 15. Mama ameinama mezani anaandaa chakula, watoto wawili wapo, mdogo amefumbata mikono anasali. Hakuna malaika wala vita. Ni nyumbani tu.

Sasa picha ikishaingia kwa mfalme, mimi na wewe tutaionea wapi? Hapo ndipo anapoingia Lépicié. Mwaka 1744 aliihamishia kwenye bamba la shaba, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Rangi zote za Chardin zikabidi ziwe mistari, mingine minene, mingine myembamba kama unywele. Wino hujazwa kwenye mikwaruzo, karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake, na picha ya mfalme ikafika mikononi mwa wanunuzi wa kawaida. Kwangu mimi huyu ni mfasiri kabisa.

Ila chini ya picha pana mistari minne ya shairi. Inasema dada anamcheka kimyakimya mdogo wake wa kiume, anayebabaika na sala na kuiharakisha kwa sababu ya njaa. Wa kiume! Na kavaa gauni? Ndiyo, enzi hizo wavulana wadogo Ufaransa walivishwa magauni. Bila shairi, mtazamaji wa leo angeapa ni wasichana wawili wenye adabu zao. Akishalisoma, sala imegeuka utani wa watoto, na kicheko cha dada hakifutiki tena usoni pake.

Mchoro haukusema hivyo. Maneno ndiyo yaliyosema. Vivyo hivyo, nikiandika "waandamanaji" au "wahuni" chini ya picha ileile ya vijana barabarani, nimeshamwamulia msomaji kabla hajatazama.

Desturi ya wachongaji ilikuwa kuweka jina la mchoraji kushoto na la mchongaji kulia, ujue nani kafanya nini. Maelezo yetu ya picha gazetini hayana jina la mtu.