Moto wa Jirani

Sisi wa visiwani twaijua bahari. Moto wa nyika sikuujua mpaka nilipokwenda kumtazama dada yangu, aliyeolewa na ukoo wa wafugaji mashariki ya Oregon, Marekani. Uwanda ule ni ardhi ya serikali. Mfugaji hulisha kwa kibali na kwa tarehe. Imeenea humo nyasi ya kigeni, ya mwaka mmoja, ambayo kiangazi kikianza tu huwa kavu kama makuti ya zamani. Baba mkwe wake aliomba ng'ombe waingie mapema, waile ingali mbichi. Akajibiwa angojee tarehe.

Julai 2012 radi iliwasha moto ulioitwa Long Draw, ukala ekari zaidi ya 500,000. Mzee alisimama mpakani na tingatinga lake, akingoja ruhusa ya kulima barabara ya kuzuia moto. Ruhusa ilipofika, moto ulikwisha pita. (Sidai kwamba ng'ombe wangeuzima, upepo ule haukuwa wa mchezo.)

Kesho yake alitoka na bunduki, kwani walikuwako ng'ombe walioungua kwato, wasioweza kusimama. Nilihesabu milio 11, kisha nikaacha. Barua ilikuja baadaye: malisho yafungwe misimu miwili, ardhi ipumzike. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na kile kibali.