NYUMBA YA VIOO: MCHUMBA ALIIPENDA KWENYE PICHA, DADA AKAENDA KUIONA LAIVU

Dada mmoja Mbongo, nesi huko Chicago, anajenga Kigamboni na mchumba wake. Pesa anatuma dada, ramani anachagua jamaa. Mwaka huu jamaa katuma picha za nyumba ya vioo pande zote, nguzo nyeupe, paa bapa. "Tunaiga hii." Kwenye simu kweli inaua.

Kumbe yenyewe ipo Plano, Illinois, kama kilomita 90 tu kutoka Chicago. Siku ya ofu dada akakata tiketi.

Aisee, picha hazisemi. Nyumba imeinuliwa juu ya ardhi kama mita 1.6, inaonekana kama inaelea. Ukiwa ndani, miti na mto Fox ndio mapazia yako. Dada alisimama kimya muda mrefu. Ni chumba kimoja tu! Bafu na jiko vimefichwa kwenye boksi la mbao katikati, kitanda kipo wazi.

Halafu yule anayetembeza wageni akaanza kutoa stori. Nyumba ilikamilika 1951, msanifu ni Mies van der Rohe, Mjerumani mwenye jina kubwa. Aliyelipa ni Edith Farnsworth, daktari wa figo, mwanamke asiye na mume, alitaka mahali pa kupumzikia wikiendi. Gharama zikapanda kupita makubaliano, wakafikishana mahakamani, na aliyetangulia kushtaki ni msanifu! Jua likiwaka ndani joto, usiku taa zinaita wadudu, watu wanakuja kuchungulia. Edith akaishia kufunga nyavu barazani kuzuia mbu. Mto nao haukujali nguzo: 1954 maji yaliingia ndani. Aliiuza 1972. Miaka yote sifa zikawa za Mies, mpaka 2021 ndipo nyumba ikapewa jina lake kamili, Edith Farnsworth House.

Daktari wa Chicago, nesi wa Chicago. Hilo lilimgusa.

Alipotoka nje akampigia jamaa video. Dar ilikuwa saa nne usiku.

"Bebi, mama akija kututembelea atalala wapi?"

"Mambo ya mama tutapanga. Fundi wa vioo anataka advansi, tuma Ijumaa."

"Hapa ndani hata mlango wa chumba hakuna."

"Acha ushamba basi, ndiyo ya kisasa hiyo."

Dada akageuza kamera, akamwonesha nyumba yote taratibu, kona moja hadi nyingine. Jamaa akawa anashangilia huko. Ndipo akaulizwa swali ambalo kwa miaka miwili ya kutuma pesa hakuwahi kuulizwa:

"Hivi hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani?"

Mtandao ukaanza kusumbua ghafla. (Dakika moja kabla ulikuwa safi kabisa.)

Ijumaa imepita, advansi haijatumwa. Kaka yake dada kashapewa nauli ya kwenda ofisi ya ardhi kuangalia.