Mashine Iliyokataa Kuamka

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, mawingu yalipokuwa yakijikusanya juu ya vilima vya Chimwaga pasipo kunyesha, kama ilivyo desturi yao katika nchi ya Ugogo, naliketi mbele ya kompyuta yangu nikaona maneno machache meupe katika uso mweusi. Yalisema kwamba mashine haikuona mfumo wa kuiendesha. Nalizima, nikawasha, maneno yakawa yale yale. Nalikwenda kunywa maji, nikarudi, nikawasha kwa upole, kana kwamba chombo kile kilikuwa mtoto aliyenuna. Maneno hayakubadilika.

Kama kingekuwa kimepotea kitabu changu tu, ningalihuzunika nikaandika kingine. Lakini ndani ya mashine ile mlikuwa na saa kumi na tisa za sauti ya bibi mmoja wa kijiji cha mashariki ya mji wetu, nilizozinasa katika mwaka wa 2021, naye alikuwa na umri wa miaka tisini au zaidi. Mama yake alikuwa msichana wakati wa Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo baina ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakosekana. Wanahistoria wameiandika njaa ile kwa hesabu na sababu. Bibi aliieleza kwa majina: nani aliondoka na mtoto akarudi na kibaba cha uwele, mizizi gani ilichimbwa na ilichemshwa mara ngapi hata ikaacha kuua, tembe ipi ilibaki na moshi na ipi haikubaki. Bibi alifariki mwezi wa Machi uliofuata. Sauti ile haikuwa na nakala.

Najua msomaji atauliza kwa nini. Mimi ndimi ninayewaambia wanafunzi kila mwaka kwamba mswada mmoja si mswada. Jibu langu ni la aibu: nalisema nitafanya kesho, na kesho zilikuwa nyingi.

Hapana budi niseme pia kwamba mashine haikujiua. Siku mbili kabla ya hapo iliganda nilipokuwa nikisafisha kelele za upepo katika kipande kimoja cha mazungumzo, nami nikaizima kwa nguvu. Ilipowashwa ilianza kujitengeneza yenyewe, ikaniomba nisubiri. Nalisubiri saa moja. Kisha, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kuitwa Daktari, nikafuata maelekezo niliyoyaona katika simu, nikaandika amri ambazo maana zake sikuzijua, na ukurasa ulioniomba tarakimu ndefu nikauruka. Betri ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita, mashine ikiishi kwa waya wa ukutani kama mgonjwa. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Ukarabati ulioachwa nusu ndio uliovunja kile ambacho ugonjwa wa kwanza ulikuwa umekitikisa tu.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa mkarimu na mwepesi. "Mwalimu, hii tunapiga Windows upya, jioni unachukua." Nalimwuliza, na vilivyomo? Akajibu kwamba vilivyomo ndivyo vinavyoondoka. Naliichukua mashine yangu kwapani, nikatoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo hata leo linanisuta.

Wa pili alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye chumba kidogo karibu na soko la Majengo. Aliniamkia shikamoo, akafungua kifuniko cha mashine, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla yake: "Mwalimu, kuna nini humo ndani?" Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hatuandiki kitu chochote humu mpaka nimepata nakala." Naliona kwamba nimempata msomi mwenzangu.

Alinieleza mwendo wa kuamka kwa kompyuta. Umeme ukiingia, huamka kwanza programu ndogo inayokaa katika kibao cha mashine, nje ya diski. Hiyo hukagua kumbukumbu na viungo, kisha hutafuta katika diski mwito wa kuuamsha mfumo mkubwa. Na mfumo ukiamka ndipo mtu huona picha na faili zake. Mimi nilikuwa nimevunja ule mwito wa katikati. Kwa lugha ya kwetu, mlango wa tembe umeangukiwa na dari, lakini nafaka imo ghalani. Anayepiga mfumo upya huibomoa tembe na ghala lake ajenge nyingine mahali pale pale.

Akanakili diski yote, nukta kwa nukta, katika diski nyingine. Kisha akaiwasha mashine kwa kijiti chenye mfumo wa Linux, ule ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Helsinki, nao ukatolewa bure kwa walimwengu. Mashine ikaamka! Lakini ghala lilikuwa na kufuli. Diski ilikuwa imesimbwa tangu siku niliyoinunua, wala sikupata kujua, na ufunguo wake ni tarakimu 48. Ndizo nilizoombwa nikaziruka.

Binti akanifariji kwamba si mimi peke yangu. Tarehe 19 Julai 2024, programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipotumiwa sasisho lenye kasoro, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilishindwa kuamka, safari za ndege zikaahirishwa, na mafundi wakaziendea nyingi moja moja kwa mikono, wakizitafuta tarakimu hizo hizo. Faraja ilikuwa ya kweli, ingawa haikufungua kitu.

Ufunguo, alisema, huenda umehifadhiwa katika akaunti iliyofunguliwa mashine ilipowashwa mara ya kwanza. Akaunti ile aliifungua kijana wa dukani, nami nikitazama saa. Nalirudi nyumbani nikapekua kabati, mikoba, bahasha za ada za watoto. Usiku wa pili nalifungua kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka wa 1954, nikitafuta jambo lingine kabisa la somo la kesho yake. Alama ya ukurasa ilikuwa risiti ya duka. Uso wake ulikuwa umefifia ukawa mweupe, kama zinavyofifia risiti zetu za mashine. Lakini nyuma yake, kwa kalamu ya wino, kijana yule alikuwa ameandika anwani na neno la siri. Nalikaa chini sakafuni.

Faili zilitoka kwa saa sita. Zote zilikuwa nzima isipokuwa ile niliyokuwa nikiisafisha siku ya kuganda. Ilikuwa na jina bila mwili. Binti aliitafuta siku tatu zaidi, akapata dakika ishirini na mbili kati ya hamsini. Zilizopotea ndizo zilizokuwa na majina ya walioondoka kuelekea kusini wasirudi. Ninayo machache katika daftari, kwa mwandiko wangu wa haraka. Mawili kati ya hayo sina hakika nayo.

Jumapili iliyofuata nalipeleka nakala kwa familia ya bibi. Nalidhani watataka kusikia habari za Mtunya. Mjukuu wake mkubwa aliomba kwanza ile sehemu niliyokuwa nimekusudia kuifuta, ambapo bibi anakatiza maneno yake ili kuwafukuza mbuzi waliokuwa wakila uwele uliokuwa ukianikwa. Tuliisikiliza mara nne, kisha tukaitiwa chakula.