Mang'ola, Kwenye Shule ya Upinde

Msafiri atokaye Arusha kwa basi la Karatu hupita Makuyuni, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, kisha akajikuta kwenye baridi ya mashamba ya ngano na mahindi. Watalii huendelea mbele kwenda Ngorongoro. Anayetaka kuona upinde ukivutwa na wenyewe hukata kushoto, akateremka kilometa 50 hivi hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Koti alilovaa Karatu atalivua njiani.

Harufu ya kwanza impokeayo mgeni huku si ya porini, ni ya vitunguu. Maji ya chemchemi za Mang'ola yamegawanywa kwa mifereji, na vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji hayo hujaza malori yaendayo masoko ya mbali. Jambo la vitunguu tutalirudia, maana linahusiana na upinde kuliko mtu awezavyo kudhani.

Ng'ambo ya mashamba, katikati ya mibuyu na miiba, ndiko waliko Hadzabe. Idadi yao yote inapita 1,000 kwa kiasi kidogo tu, na wale ambao bado wanategemea hasa nyama ya porini, mizizi, matunda na asali hawazidi mia chache. Lugha yao ina sauti za kidoko, nayo haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani.

Ukifika kambini, utawaona watoto kwanza. Mvulana wa miaka mitatu tayari ana upinde wake, umekatwa kwa kimo chake, na mishale ya vijiti vilivyochongwa ncha. Shabaha ni buyu lililoanguka, mjusi juu ya jiwe, au ndege asiye na haraka. Hakuna kengele wala mwalimu. Mkubwa hulenga, mdogo hutazama, halafu mdogo naye hujaribu, na mshale ukipotea katika majani wote huenda kuutafuta. Saa nzima hupita hivyo, na nyingine, na siku ya pili tena. Mzazi wa Magomeni au Kariakoo, ambaye mwanawe huchoshwa na kila mchezo baada ya robo saa, angetazama kwa wivu kidogo.

Upinde wa mtu mzima ni kitu kingine kabisa. Huchongwa kutokana na mkole au mti mwingine mgumu wenye kunyumbulika, ukabanduliwa gome, ukapashwa moto na kunyooshwa. Upote wake ni kano za mnyama mkubwa, zilizosokotwa mpaka zikawa kamba ngumu. Wataalamu waliozipima pinde hizo walikuta kwamba kuvuta mmoja mpaka mwisho kunahitaji, kwa wastani, nguvu ya kilo 30 na ushei. Hiyo ni sawa na kuning'iniza debe moja na nusu la maji kwenye vidole. Kijana wa mjini aliyezoea kubeba magunia ataweza kuuvuta, pengine mara tatu au nne. Baada ya hapo mkono utaanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka hauna shabaha.

Kwenye mshale ndipo ufundi wenyewe ulipo. Uti hupashwa moto, kisha fundi huushika kwa meno na kuukunja taratibu mpaka unyooke, huku akiufumbia jicho moja kama seremala atazamavyo ubao. Manyoya ya kanga au ya tumbusi hufungwa nyuma ili mshale usiyumbe. Mishale ya ndege na wanyama wadogo huwa na ncha ya mti mtupu. Ya wanyama wakubwa huwa na kigumba cha chuma, na chuma hicho mara nyingi ni msumari wa dukani uliofuliwa ukawa bapa. Vigumba vingine hutoka kwa wahunzi wa Kidatoga walio jirani, ambao tangu zamani wamekuwa wakivibadilisha kwa asali na nyama.

Kuna pia mishale ya sumu, ambayo sehemu yake ya mbele huviringishwa ngozi ili sumu isikauke na mwenye mshale asijichome. Sumu mojawapo huchemshwa kutokana na utomvu wa mti mfupi wenye shina nene lililovimba na maua ya rangi ya waridi. Wasomaji wengi wa mjini wanao mti wa jamii hiyo barazani kwao, wameupanda kwenye chungu kwa ajili ya mapambo. Utomvu wake hushambulia moyo. Usiung'oe kwa hofu, bali uuweke mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kuchuma jani lake akalitafuna.

Msomaji atakayevutiwa na upinde akataka kuanza, na aanze kama waanzavyo watoto wa Mang'ola: kwa upinde dhaifu kuliko anavyodhani anastahili. Mshale usiwe na chuma. Shabaha iwe gunia lililoshindiliwa majani, nyuma yake kuwe na ukuta au kilima cha udongo, na mtu yeyote asisimame mbele ya mstari mpaka kila mmoja ameweka upinde chini. Asiachie kamba bila mshale, kwani upinde huweza kuvunjika. Awali alenge kutoka hatua kumi tu. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako mchezo huu ulirudishwa mwaka 1972 mjini Munich, siku hizi hulengwa kutoka meta 70. Lakini Mhadzabe hana haja ya kujisifia umbali. Yeye hutumia akili yake yote kuupunguza: kujua upepo unatoka wapi, kukanyaga bila kuvunja kijiti, kungoja usiku kucha karibu na maji wakati wa kiangazi.

Ama kuhusu kuwinda kwenyewe, mwanafunzi wa mjini asijidanganye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuingia porini na kujipigia swala bila leseni kwa sababu tu silaha yake haitoi mlio. Yeye abaki na gunia lake.

Wapo wasemao kwamba shule ndiyo itakayoumaliza upinde wa Hadzabe. Tangu mwaka 1964 Serikali ilipoanza kuwakusanya Yaeda Chini, hoja hiyo imerudiwa mara nyingi, ama kwa masikitiko ama kwa matumaini. Lakini watafiti wawili, Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapima Hadzabe katika kulenga shabaha, kupanda mibuyu na kuchimba mizizi. Waliwalinganisha wale waliokaa porini muda wote na wale waliopoteza miaka ya pori kwa kusoma shule ya bweni. Hawakuona kwamba waliosoma walikuwa wamepungukiwa. Kwa maoni yangu jambo hili lingefaa litangazwe katika kila kijiji cha huko: mtoto anaweza kushika kalamu na bado akarudi kwenye upinde.

Asichoweza kukirudia ni pori lililokwisha kulimwa. Palipo na chemchemi ndipo wanyama walipokuwa wakinywa, na ndipo vitunguu vilipo leo. Mifugo nayo hula nyasi zilezile za swala, na mibuyu na vichaka vya matunda hukatwa kufungua mashamba. Mwaka 2011 Hadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000, na ile ikawa hatua kubwa kuliko zawadi yoyote ya shati au sukari waliyowahi kupewa na wageni.

Upande wa Mang'ola, mwindaji hutoka alfajiri na mbwa wake, nyuma yake wakimfuata watalii wanne wenye kamera. Jua likipanda hurudi na ndege wawili na pimbi mmoja. Watalii hulipa, huagana, hupanda gari. Fedha ile hununua unga wa mahindi kwenye duka lililo kando ya mashamba ya vitunguu.