Subana Mbili za Tony Iommi

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi methali "Hujafa hujaumbika" kwa maana moja tu: usimcheke mwenye ulemavu, kwani yaliyompata yeye yaweza kukupata wewe. Niliiandika ubaoni, nikaieleza kwa dakika tano, kisha nikaendelea na nyingine. Mwaka juzi kiharusi kilinipiga upande wa kulia. Ulimi ulinusurika na mguu ukarejea, lakini mkono ulioshika chaki na kalamu maisha yangu yote ulibaki mzito, kana kwamba umefungiwa jiwe. Shairi la beti kumi na mbili nililokuwa nimelianza likakomea ubeti wa nne.

Sikumwambia mtu kwamba nimeacha kutunga. Nilisema ninapumzika.

Mjukuu wangu hupenda muziki wa roki, hasa ule mzito uitwao hevi metali, ambao mimi siku zote niliuita kelele. Siku moja alinikuta nimeketi mbele ya karatasi tupu. Akaniambia, "Babu, huyu unayemsikia akipiga gita hana ncha za vidole viwili." Nikamwomba apunguze sauti, kisha anisimulie. Alichokianza yeye nikakifuatilia mwenyewe kwa kusoma.

Tony Iommi alizaliwa Birmingham, Uingereza, tarehe 19 Februari 1948. Hutumia mkono wa kushoto kupiga nyuzi, na vidole vya mkono wa kulia kuzibana. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati, akaamua kuacha ili aishi kwa muziki. Siku yake ya mwisho kazini alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana, akawa hataki kurudi. Mama yake akamhimiza aimalize siku. Aliporudi akawekwa kwenye mashine asiyoizoea, nayo ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia, mkono ule ule wa kubania nyuzi.

Waganga walimshauri asahau gita. Aliyemwokoa ni msimamizi wake wa kiwandani, aliyemletea santuri ya Django Reinhardt. Baada ya kijana kuisikiliza na kuisifu, akaelezwa kwamba mpiga gita huyo wa jazi aliunguzwa na moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili visivyofaa kitu katika mkono wake wa kubania nyuzi.

Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akaifinyanga, akajitengenezea subana mbili na kuzivika vipande vya ngozi ili zisiteleze. Msinilaumu nikitua kidogo kwenye neno hilo. Subana tunaijua kwa mafundi wa nguo: kifaa cha kukinga kidole kisichomwe na sindano. Kwa Iommi, kinga ya kidole iligeuka kuwa kidole chenyewe.

Lakini subana haina hisia. Hakuweza kuupapasa uzi na kujua ameubana kiasi gani, na nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwake. Akatafuta nyembamba, hata zile za banjo. Baadaye akazilegeza pia. Katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 alizishusha sana, na moja ya sababu ilikuwa kuvipunguzia vidole vyake kazi. Nyuzi zilizolegezwa zikatoa sauti nzito na ya chini. Yeye, Ozzy Osbourne, Geezer Butler na Bill Ward ndio waliounda Black Sabbath, bendi iliyotoa albamu yake ya kwanza tarehe 13 Februari 1970, na wengi huihesabu kuwa chimbuko la hevi metali. Uzito anaoupenda mjukuu wangu ulitokana kwa sehemu na mtu aliyekuwa akitafuta nafuu ya maumivu.

Sisemi kwamba jeraha ni baraka. Hakulichagua, nami sikuuchagua mkono huu. Ninachokiona ni kwamba hakung'ang'ania kupiga kama alivyopiga kabla ya ajali. Alikibadili chombo kikaufuata mkono.

Mimi nilikuwa nikifanya kinyume. Nilijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto mishororo ya mizani kumi na sita, kama nilivyozoea. Kabla sijafika kina cha mwisho, mkono ulikuwa umechoka na kina chenyewe kimenitoka akilini. Siku hiyo nikajiuliza: uzi wangu ni upi, nami nitaulegezaje? Nikaurudia utenzi, bahari niliyokuwa nikiwaachia wasimulizi wa vita na mawaidha. Mizani nane, kisha mkono unapumua. Mizani nane tena. Beti za mwanzo zilikuwa dhaifu, na hakuna niliyemwonyesha. Hata hivyo, ufupi ulinifukuzia maneno mengi ambayo zamani niliyaita mapambo, kumbe yalikuwa ya kujazia mizani tu.

Mwaka 2012 Iommi alitangaza kwamba ana saratani ya limfu. Mwaka uliofuata albamu ya bendi yake, 13, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Tarehe 5 Julai 2025, akiwa na miaka 77, alipiga gita na wenzake wote watatu katika onyesho lao la mwisho, uwanjani Villa Park, Birmingham, mtaa wa Aston walikokulia.

Leo ningepewa darasa, methali ile ningeieleza kwa muda mrefu zaidi. Hujafa hujaumbika: ni onyo, naam, lakini pia ni habari kwamba kazi ya kukuumba bado inaendelea.

Shairi la ubeti wa nne sikulimaliza. Utenzi umefika beti thelathini na moja. Mjukuu wangu anasema mwandiko wake unafanana na wa mtoto wa darasa la pili, na hakukosea.