Kamera Iliyong'aa

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kamera ya mtumba kwa ajili ya utafiti wangu vijijini. Muuzaji aliniwekea mbili, zote Nikon D90. Moja iling'aa kana kwamba imetoka dukani jana. Nyingine ilikuwa imechubuka pembe zote. Mkono wangu ulikwenda kwenye iliyong'aa.

Mwanafunzi niliyefuatana naye alinizuia: "Mwalimu, tuzijaribu kwanza." Alipiga picha moja kwa kila kamera, akazifungua kwenye kompyuta yake. Kumbe picha hubeba ndani yake hesabu ya mara ambazo kilango cha kupitishia mwanga kimefunguka tangu kamera iundwe. Kilango cha aina hii kilijaribiwa kiwandani kwa mara 100,000. Iliyong'aa ilikwishafika 96,000, iliyochubuka, 11,000.

Nilinunua iliyochubuka. Njiani nilinyamaza. Wiki iliyotangulia nilikuwa katika jopo la usaili wa ajira. Nilimpa alama za juu aliyevaa vizuri na kuzungumza kwa madaha. Mwenye koti lililopauka nilimwona hafai. Majalada yao yalikuwa mezani mbele yangu. Sikuyafungua.