Arubuni ya jahazi

Jamani, hivi mnajua kuna watu wazima waliotoa karibu dola 500 kila mmoja kwa jahazi la kuchezea ambalo lilikuwa halijaundwa? Si masihara. Mwaka 2018 kampuni ya Hasbro ya Marekani, kupitia mradi wake wa HasLab, ilitangaza jahazi la Jabba, lile la kwenye filamu za Star Wars. Sharti lilikuwa moja: wapatikane watu 5,000 wa kuagiza kabla ya siku ya mwisho, la sivyo haliundwi. Wakapatikana 8,810, na mwaka 2019 wakapelekewa mzigo wao.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja hapa Mji Mkongwe, alicheka. "Sasa hiyo si arubuni tu, bwana?"

Kweli, ni arubuni. Nani kati yetu hajatoa arubuni kwa fundi wa kitanda au wa nguo za Sikukuu? Na kuchanga je? Mama zetu wanacheza mchezo kila mwezi, na kadi za michango ya harusi tunazijua wote.

Tofauti iko kwenye lile sharti. Kwetu arubuni ikishaingia mfukoni imeingia. Mara nyingi pesa ya mteja wa tatu ndiyo inayonunua mbao za mteja wa kwanza. Mimi niliwahi kuagiza kingalawa cha mbao cha mpwa wangu, nikatoa nusu. Njoo kesho, njoo baada ya Ijumaa, mwisho simu haipokelewi. Wenzetu lengo lisipotimia, kila mtu anabaki na chake. Kickstarter, iliyoanza 2009, inakwenda hivyo hivyo. Hata Hasbro wenyewe walikwama mwaka 2021: walitaka watu 9,000 kwa ajili ya dude liitwalo Rancor, hawakutimia, dude halikuundwa, na hakuna aliyepoteza hela yake.

Mtasema Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua mchango wake Kickstarter. Ni kweli. Lakini sharti halihitaji Kickstarter.

Tazameni vichochoro vya Gizenga. Fundi anachonga kwanza, kisha anakaa kumsubiri mtalii. Masika yakiingia watalii wanapungua, na mwaka 2020, korona ilipokata ndege, alibaki na vumbi. Anayesubiri mpita njia huchonga kinachouzika haraka, ndiyo maana kila duka lina twiga wale wale. Kingalawa cha kweli, chenye tanga, foromali na mirengu yake, kama anavyokijua mtu wa Nungwi, kinakula siku nyingi. Nani atakichonga bila kujua kina mwenyewe?

Hebu fikirieni watu 30 wanaotaka kingalawa hicho. Pesa haishiki fundi, anaishika kijumbe, kama kwenye mchezo. Wasipotimia 30, kila mtu anarudishiwa. Wakitimia, fundi anapewa kwanza ya mbao, kinachobaki anakipata kazi ikionekana. Hapo mteja halali na wasiwasi, na fundi hachongi kwa kubahatisha.

Kijumbe mwaminifu hakosekani mtaani. Mafundi tunao bado. Tunaotafutwa ni sisi 30.